Elfenbein si miguu kumi na moja: namna ya kufukua asili ya neno ambatani la Kijerumani

Mwaka wa kwanza wa mafunzo yangu ya uuguzi hapa Bavaria tuligawiwa mchoro wa mifupa ya binadamu, tujaze majina. Nilikwenda vizuri hadi nilipofika begani. Mfupa ambao kwetu ni mtulinga, Wajerumani wanauita Schlüsselbein. Schlüssel nilijua ni ufunguo, kwa kuwa nilikuwa nimeshapoteza wa chumba changu na kulipishwa kitasa kizima. Bein nilijua ni mguu, kwa kuwa kila asubuhi nilikuwa nawavalisha wazee soksi za kubana miguu. Basi pembeni mwa karatasi nikaandika kwa Kiswahili: mguu wa ufunguo?? Nikateremka hadi chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye kifandugu. Steißbein. Mguu wa matako. Nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji.

Wiki hizo hizo, kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa najifunza kazi, bibi mmoja aliyevuka miaka tisini aligusa vibao vya piano kuukuu iliyokuwa ukumbini, vimegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, akaniambia kwa fahari: „Das ist noch echtes Elfenbein“, yaani hii bado ni Elfenbein halisi. Nikatikisa kichwa kama ninayeelewa. Usiku, zamuni, nikalipigia hesabu. Elf ni kumi na moja. Bein ni mguu. Miguu kumi na moja! Nikajaribu tena: Elfen ni wale vijini vyenye mabawa vya hadithi za Kizungu. Mguu wa kijini. Nilipofungua kamusi nikakuta ni pembe za ndovu, na aibu ikanishika maradufu, maana mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Utoto wangu wote nimesimuliwa misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, pembe zimekaa mabegani mwa watu, juu ya huo huo mtulinga.

Tangu usiku ule nimekuwa mgonjwa wa kupasua maneno. Nina daftari la tatu sasa. Nitakuonyesha ninavyofanya, na nitalitumia neno Elfenbein tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu lina karibu kila mtego unaoweza kukunasa. Huhitaji digrii ya lugha. Unahitaji simu yenye intaneti, daftari, na moyo wa kutoliamini sikio lako mwenyewe.

Chagua neno fupi

Watu wakitaka kukutisha na Kijerumani wanakutolea lile neno la herufi 63: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Lilikuwa jina la sheria ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern ya mwaka 1999, ikafutwa 2013. Usiogope. Rind ni ng'ombe, Fleisch nyama, Etikettierung kuweka lebo, Überwachung ukaguzi, Aufgaben majukumu, Übertragung kukabidhi, Gesetz sheria. Yaani sheria ya kukabidhi majukumu ya kukagua uwekaji lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Kila behewa lina maandishi yake ubavuni. Hakuna cha kufukua hapo, maana neno lilizaliwa ofisini juzi tu na vipande vyake vyote viko hai.

Maneno yaliyoficha mambo ni yale mafupi, ya vipande viwili, ambayo mtoto wa miaka mitatu anayasema: Friedhof, Maulwurf, Handschuh, Elfenbein. Hayo yamepita mikono mingi na kusuguliwa, kama sarafu ya heller ya wakati wa Mjerumani ambayo taji limefutika. (Na hela yetu ndiyo hiyo. Kuanzia 1904 rupia moja ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwa heller 100. Heller yenyewe ilipata jina kutoka mji wa Hall, leo Schwäbisch Hall, ilikokuwa ikifuliwa karne nyingi kabla. Kila ukisema "sina hela" unautaja mji mdogo wa Württemberg.)

Anza mkiani

Sisi tumezoea mkubwa kutangulia. Mwanafunzi, mwanahabari, mwanasheria: "mwana" anakwambia kwanza kwamba ni mtu, kisha unaambiwa ni mtu wa nini. Mjerumani anamweka mkubwa nyuma. Kipande cha mwisho ndicho kinachosema hiki ni kitu gani, ndicho kinachoamua jinsia ya neno, yaani kama ni der (ya kiume), die (ya kike) au das (si ya kiume wala ya kike), na ndicho kinachobadilika kwenye wingi. Schlüssel ni der, lakini Schlüsselbein ni das, kwa kuwa Bein ni das. Cha mbele kinafafanua tu, ingawa ndicho kinachobeba mkazo wa sauti: ÉLfenbein, SCHLÜSselbein.

Kwa hiyo soma neno kwa sauti, sikia mkazo uko wapi, halafu kata kutoka kulia. Neno likiwa na vipande vitatu au zaidi, usilikatekate vipande vyote kwa mpigo. Ligawe kwanza mara mbili tu. Elfenbeinküste, jina lao la nchi ya Kodivaa, ni Elfenbein + Küste, pwani ya pembe za ndovu. Ukishapata hayo mawili ndipo unarudi kulipasua Elfenbein.

Ukikata pabaya utaumbuka. Watoto wa Kijerumani wana mzaha wao wa kukutegea: wanakuandikia Blumentopferde na kukuuliza ni farasi wa aina gani, kwa sababu jicho linaona Pferde, farasi, mwishoni. Kumbe ni Blumentopf + Erde, udongo wa vyungu vya maua. Ukiona mnyama asiyetarajiwa kwenye neno, rudisha kisu ukate tena.

Kwangu, hatua hii ilinipa: Elfen | Bein. Kitu hiki ni aina ya Bein. Swali la begani likawa limerudi lile lile.

Kwangua gundi

Kati ya vipande mara nyingi kuna herufi moja au mbili zisizo na maana yoyote. Wenyewe wanaiita Fuge, neno lile lile la ule mstari unaojazwa kati ya kigae na kigae. Mimi naiita gundi. Arbeitszimmer, chumba cha kufanyia kazi: Arbeit + s + Zimmer. Ukidhani hiyo s ni "ya" umilikishi, kumbuka kwamba Arbeit ni nomino ya kike na haichukui s ya namna hiyo inaposimama peke yake. Kinderwagen lina -er- ya wingi, lakini ni kigari cha mtoto mmoja. Sonnenschein lina -n-, na jua ni moja tu. Maneno yanayoishia na -ung, -heit, -keit na -schaft hupewa s bila mjadala, ndiyo maana ofisi ya afya ni Gesundheitsamt. Kwangua gundi kabla ya kufungua kamusi, la sivyo utatafuta "Arbeits" hadi kesho.

Ila kwenye Elfenbein gundi ilinidanganya. Nilikwangua -en- nikabaki na Elf, nikapata miguu yangu kumi na moja. Kumbe ile -en- haikuwa gundi. Nitairudia, maana ni sehemu tamu kuliko zote.

Andika ujinga wako kwanza

Kabla ya kamusi, andika tafsiri zote zinazokujia kichwani, hata za kuchekesha. Mimi naandika kwa penseli upande wa kushoto wa ukurasa. Faida yake ni kwamba unajua sikio lako linaamini nini, na mara nyingi sikio la Mjerumani liliamini hivyo hivyo miaka mia tano iliyopita, likalibadilisha neno lifanane na imani yake. Wanaisimu wa huku wanaiita Volksetymologie, etimolojia ya wananchi.

Chukua Friedhof, makaburi. Friede ni amani, Hof ni ua. Ua la amani, nani atabisha? Mimi sikubisha, hadi nilipojifunza kanuni moja ya sauti ambayo nakusihi uikariri: i ndefu ya Kijerumani cha zamani imegeuka ei, na u ndefu imegeuka au. Walisema mīn hūs, leo ni mein Haus. Zīt ikawa Zeit. Sasa, umbo la kale la makaburi ni frīthof, lenye i ndefu, na maana yake ilikuwa ua lililozungushiwa uzio, kutoka kitenzi cha kutunza na kulinda. Kwa kanuni ile leo tungetarajia Freithof. Ikiwa haikutokea hivyo, kuna mtu aliingiza mkono njiani: watu walisikia "amani" ndani yake wakaivuta huko. Na uzuri wa kuishi huku kusini ni kwamba Freithof bado ipo midomoni mwa wazee wa Bavaria na Austria. Niliposikia mgonjwa wangu akisema hivyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni meno yake ya bandia.

Maulwurf, fuko, ni vile vile. Ukilisoma leo ni Maul, mdomo wa mnyama, na Wurf, kurusha. Umbo la kale ni mūwerf, mrusha vichuguu. Watu walipoacha kuelewa kile kipande cha mbele, wakaweka neno la udongo, na mwishowe wakaweka mdomo. Fuko wa huku hachimbi kwa mdomo, anachimba kwa mikono, lakini neno halijali.

Lililoniaibisha zaidi ni Hängematte. Nilijigamba mbele ya wenzangu mapumzikoni kwamba hili halina siri: hängen, kuning'inia, na Matte, mkeka. Mkeka unaoning'inia! Kila kitu kinaonekana. Nilipolitafuta baadaye nikakuta limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, hamaca, likapita kwa Wahispania, na ni Waholanzi waliolikunja mdomoni hadi likawa hangmat. Hakukuwa na kuning'inia wala mkeka. Tangu hapo, neno likieleweka upesi mno nalitilia shaka zaidi kuliko lisiloeleweka.

Nenda kamusini, na ujue unasoma nini

Mlango wa kwanza ni DWDS, kamusi ya mtandaoni ya akademia ya sayansi ya Berlin na Brandenburg. Ni bure. Andika neno, teremka hadi palipoandikwa Etymologie. Maelezo yaliyopo hapo yametoka kwenye kamusi ya asili ya maneno ya Wolfgang Pfeifer. Ukipata karatasi badala ya simu, maktaba nyingi zina kamusi ya Kluge, iliyotoka mara ya kwanza 1883 na kuhaririwa upya tena na tena.

Mlango wa pili ni kamusi ya ndugu Grimm. Ndiyo, hao hao wa ngano. Walianza kazi 1838, juzuu ya kwanza ikatoka 1854, na kamusi ikakamilika 1961, wenyewe wamekwisha kufa siku nyingi. Jacob alifariki 1863 akiwa amefika neno Frucht, tunda. Maana yake herufi E aliifanya yeye, kwa hiyo ukisoma Elfenbein hapo unasoma mkono wake. Tahadhari mbili: nomino zote ameziandika kwa herufi ndogo, kwa makusudi, na mara nyingi maana anaieleza kwa Kilatini. Usidhani simu imeharibika.

Vifupisho vitakukimbiza usipovijua. Ahd. ni Kijerumani cha Juu cha kale, takriban 750 hadi 1050. Mhd. ni cha kati, hadi karibu 1350. Frühnhd. ni cha mwanzo wa enzi mpya, hadi karibu 1650, na Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, yumo humo. Got. ni Kigothi, lugha iliyokufa iliyo ndugu wa Kijerumani, lat. Kilatini, griech. Kigiriki, nl. Kiholanzi. Nyota * mbele ya neno maana yake umbo hilo halikuandikwa na yeyote. Wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. Ukikutana na wohl au vermutlich, ni "huenda". Usiifute hiyo "huenda" unapomsimulia mwenzako. Na ukikuta Herkunft ungeklärt, asili haijulikani, funga daftari ulale. Si kila kaburi lina maiti.

Sasa Elfenbein. Ahd. helfantbein. Mhd. helfenbein.

Helfant! Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha zamu, saa tisa usiku, nikacheka peke yangu. Ile "Elfen" ni tembo aliyebanwa. Helfant ilikuwa ndiyo jina lao la tembo, kutoka Kilatini elephantus, nacho kutoka Kigiriki. Kadiri lilivyosemwa haraka, t ikamezwa, -fant ikawa -fen. Baadaye h ya mbele ikaanguka kwa kuigiza umbo la Kilatini. Luther kwenye Biblia yake tayari anaandika Elffenbein kwa kile kiti cha enzi cha mfalme Sulemani, 1 Wafalme 10:18, pale ambapo Biblia yetu inasema pembe. Kwa hiyo -en- niliyoikwangua kama gundi ilikuwa ni mkia wa tembo mwenyewe.

Na usishangae sana kuhusu watu hao wa kaskazini na tembo wao. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Kwenye Biblia ya Kigothi ya karne ya 4 kuna neno ulbandus, ambalo kwa kawaida huhusishwa na neno hilo hilo la tembo, ila pale linamaanisha ngamia. Mnyama mkubwa wa mbali ni mnyama mkubwa wa mbali. Hata Wagiriki wenyewe, kwa Homeros, mshairi wao wa kale, elephas ni pembe. Mnyama alikuja kuitwa hivyo baadaye. Meno yalifika sokoni kabla ya mwenye meno.

Uliza kila kipande kilikuwa na maana gani siku ya harusi

Hapa ndipo wengi wanateleza. Umeshapata vipande, unavitafsiri kwa maana ya leo, unapata "mguu wa tembo". Maneno mawili yakiungana ni kama watu wawili kufunga ndoa: yaulize yalikuwa nani siku ile.

Bein zamani ilikuwa mfupa. Ni ndugu wa bone ya Kiingereza. Maana ya mguu ilikuwepo pembeni, ikakua taratibu, hadi neno jingine, Knochen, lilipoingia katika karne za mwisho za zama za kati na kuchukua kazi ya mfupa. Bein ikabakiwa na mguu. Lakini pale ambapo neno lilikuwa limeshaungana na jingine, maana ya kale ilibaki imefungiwa ndani. Ndiyo sababu begani kwako kuna Schlüsselbein, mfupa wa ufunguo, tafsiri ya Kilatini clavicula, ufunguo mdogo. Kifuani Brustbein, puani Nasenbein, kwenye muundi Schienbein, na kifandugu chako ni Steißbein bila mguu wowote. Laiti mtu angeniambia hivyo kabla ya ule mchoro.

Ukitaka ushahidi wa haraka wa maana ya kale, tumia Biblia mbili. Luther, Mwanzo 2:23: Bein von meinem Bein. Yetu: mfupa katika mifupa yangu. Kwa mtu aliyekulia kwenye sunday school au madrasa jirani na kanisa, kama mimi, hiki ni chombo cha bei rahisi kuliko kamusi yoyote: aya unaijua kwa kichwa, unalinganisha neno kwa neno. Misemo pia huhifadhi: durch Mark und Bein, kitu kinachopenya uboho na mfupa. Na Hallstatt, Austria, kuna Beinhaus, nyumba ya mifupa, ambako mafuvu yamepangwa yakiwa yamechorwa maua.

Lahaja zinahifadhi zaidi. Mzee mmoja alinililia: „Mei Fuaß tuat ma weh“, yaani Fuß yangu inauma. Fuß kitabuni ni wayo hadi kifundo. Nikapiga magoti, nikavua soksi, nikakagua vidole kimoja kimoja, kumbe maumivu yako juu ya goti. Wabavaria wakisema Fuß wanamaanisha kiungo chote, kama sisi na mguu wetu, ambao unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Mswahili ndiye aliyepaswa kumwelewa mzee yule kuliko wote waliokuwa zamuni! Kwa kuwa Fuß imebeba mguu mzima, Bein kwao ilipata nafasi ya kubaki mfupa: kifo Bavaria anaitwa Boandlkramer, mchuuzi wa vijifupa.

Wahoji ndugu, kisha hakikisha nani alikuwepo

Fungua pia lugha za jirani. Kiholanzi been na Kiswidi ben hadi leo ni mguu na pia mfupa, na Waswidi wana elfenben yao. Ndugu wawili wakishuhudia jambo moja, maelezo yako yana miguu ya kusimama.

Kisha fanya kama polisi: kila mtuhumiwa uliyemwandika kwa penseli, muulize alikuwa wapi siku ya tukio. Elf, kumi na moja? Wakati wa helfantbein nambari hiyo ilikuwa einlif, "moja imebaki" baada ya kumi. Haifanani, aachiwe. Elfe, kijini? Huyu kaingia Kijerumani karne ya 18 kutoka Kiingereza, wakati Shakespeare anatafsiriwa, na pembe za ndovu zilikuwa na jina lake karne nyingi kabla. Kijini cha kienyeji cha Wajerumani kilikuwa Alb au Alp, yule anayekukalia kifuani usiku usipumue, na ndiye aliyeacha jina lake kwenye Alptraum, ndoto mbaya. Sisi tunamwita jinamizi, na sikujua hadi nilipofika huku kwamba anafanya kazi pande zote mbili za bahari.

Mwisho naandika ukurasani kwa wino, mistari mitatu, isizidi:

Elfenbein, das. Pembe za ndovu. Elfen | Bein, hakuna gundi.
Ahd. helfantbein: helfant, tembo (lat. elephantus, griech. elephas) + bein, mfupa. Mfupa wa tembo.
Si elf. Si Elfe. Bein hapa ni mfupa, kama kwenye Schlüsselbein.

Ukitaka kuanza leo, jaribu Meerkatze. Meer ni bahari, Katze ni paka, na unamfahamu mnyama huyo vizuri: ni tumbili. Anza mkiani, usiamini lolote.

Yule bibi wa piano nilimpelekea daftari asubuhi zamu ilipokwisha. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwa daktari wa meno. "Mfupa?" akasema. "Binti, hili ni jino." Nikakubali kwamba ni kweli, ni jino. Akauliza, "Na ninyi kwenu mnaliitaje?" Nikamwambia pembe, neno lile lile la kile kilichopo kichwani kwa ng'ombe. Alicheka hadi ikabidi nimshikie kikombe cha kahawa.